Kula kwa Kituo

Katika maisha yangu nimefuga mbwa wengi, lakini ni mmoja tu ambaye kifo chake bado kinanisumbua. Jina lake lilikuwa Simba. Alikuwa chotara, nusu mbwa wa kienyeji na nusu mbwa wa Kijerumani wa aina wanayoitumia polisi: kifua kirefu kilichoshuka chini, kiuno chembamba, masikio wima. Tulimpata akiwa mdogo mwaka 2003, wakati huo nikifundisha katika shule moja ya sekondari hapa Morogoro, na kwa muda wa miaka sita aliilinda nyumba yetu iliyo chini ya milima ya Uluguru bila ya lawama.

Simba alikuwa na sifa moja iliyonifurahisha kupita nyingine zote. Alikula upesi ajabu. Nilimpa chakula mara moja kwa siku, jioni, sufuria nzima ya ugali wa dona uliochanganywa na dagaa au mchuzi wa mapafu. Niliweka sufuria chini, nikageuka kurudisha mwiko jikoni, na niliporudi nilikuta sufuria inang'aa kama iliyooshwa. Wageni wakija saa hizo niliwaita uani waje kushuhudia. "Huyu ndiye mbwa," nilikuwa nikiwaambia, "si wale wa kunusanusa chakula kama bibi harusi." Wageni walicheka, nami nilijiona mfugaji hodari.

Usiku mmoja wa sikukuu, mwezi wa Desemba mwaka 2009, Simba alipewa makombo ya karamu juu ya chakula chake cha kawaida. Alifakamia vyote, akanywa maji mengi, kisha akaanza kukimbizana na watoto uani. Saa mbili hivi baadaye nilisikia anahangaika nje ya dirisha. Nilitoka na kurunzi. Alikuwa akisimama, akilala, akisimama tena. Alijikakamua kutapika lakini hakikutoka kitu ila mate mazito yaliyoning'inia kama uzi. Nilipomgusa tumbo nilikuta limekaza kama ngoma iliyowambwa. Nilidhani amelishwa sumu. Nilimnywesha maziwa, na yote yakarudi. Nikajiambia kwamba asubuhi nitamwita daktari wa mifugo. Asubuhi daktari alikuja, lakini alimkuta Simba amekwisha kuwa baridi chini ya mwembe.

Daktari yule alikuwa kijana mstaarabu. Hakunilaumu. Aliniuliza tu mbwa alikula nini, saa ngapi, na kwa namna gani. Nilipomweleza habari ya sufuria na mwiko, huku nusu nikijivuna hata wakati ule wa msiba, alinyamaza kidogo, kisha akachora kwa kijiti juu ya mchanga.

Alichora mfuko wenye milango miwili. Mlango mmoja ni umio, ambao huleta chakula kutoka kinywani. Wa pili ni ule unaopeleka chakula katika utumbo. Mbwa anapobugia chakula kingi kwa mara moja, alisema, humeza na hewa pamoja nacho. Mfuko hujaa, huvimba, na kwa mbwa wengine, hasa wakubwa wenye kifua kirefu kama Simba, huweza kujizungusha kama nguo inayokamuliwa. Hapo milango yote miwili hujifunga. Hewa haiwezi kutoka, matapishi hayawezi kutoka, na mishipa ya damu hunyongwa. Bila ya kupasuliwa upesi, mnyama hufa katika muda wa saa chache.

"Basi mimi ndiye niliyemwua," nilisema.

"Hapana, Mwalimu," akajibu. "Hakuna anayeweza kukuambia kwamba sababu ilikuwa hiyo moja. Umri umo, ukoo umo, maumbile yamo. Lakini kula mbio na kula mlo mmoja mkubwa ni mambo yanayoongeza hatari, na hayo yako katika mikono ya mfugaji."

Baadaye nilikuja kusoma kwamba maneno yake yalikuwa na msingi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, waliokuwa wamewafuatilia mbwa wa aina kubwa ili waone ni wepi wanaopatwa na ugonjwa huo, walichapisha matokeo yao mwaka 2000. Walikuta kwamba hatari huongezeka kwa mbwa mwenye umri mkubwa, mwenye mzazi au ndugu aliyepatwa na ugonjwa huo, na anayekula haraka. Tena walikuta jambo lililowashangaza wafugaji: kuweka bakuli juu ya kigoda, ambako watu wengi walikuwa wakishauriana kuwa ni kinga, kulikwenda pamoja na hatari zaidi wala si pungufu.

Kwa miaka mingi baada ya hapo sikufuga mbwa. Nilisema kuwa ni gharama. Ukweli ni kwamba sikupenda kuiona ile sufuria.

Nilistaafu mwaka 2018. Kuku wetu wakawa wanaibwa, na mjukuu wangu wa kike, ambaye anaishi nasi kwa kuwa wazazi wake wanafanya kazi Dodoma, hakuacha kuniomba mbwa. Mwaka 2021 jike la jirani lilizaa watoto sita. Walipofikisha wiki nne tulikwenda mimi na mjukuu wangu kuwatazama.

Tulifika saa ya chakula. Mwenyeji wetu alileta uji katika sinia moja, akauweka katikati ya ua, na wale watoto sita wakalivamia. Baadhi walitia miguu ndani, wengine walipanda juu ya migongo ya wenzao. Mmoja mweusi, mnene, alikuwa amekaa imara upande mmoja wa sinia kama mwenye hati ya kiwanja. Mwingine wa rangi ya kahawia, mbavu zikionekana, alisukumwa kila alipopata nafasi. "Mchukue huyo mweusi, Mwalimu," jirani alinishauri. "Huyo ni mlaji kweli kweli."

Nilitazama vizuri zaidi, kwa kuwa jambo hilo la kula lilikuwa na kidonda ndani yangu. Nikaona kitu ambacho sikukitarajia. Yule mnene hakuwa akila kwa haraka sana. Alikuwa akilamba uji wake kwa utulivu, maana hakuna aliyeweza kumwondoa. Aliyekula kwa kasi ya kutisha alikuwa yule mwembamba. Kila alipopata upenyo alibugia mpaka akakohoa, macho yakiangalia kulia na kushoto, na alipokuwa bado hajameza tonge la kwanza alikwisha kutia la pili. Nilisimama pale nikiwaza. Miaka yote nilikuwa nikiita haraka ya namna ile afya. Kumbe niliyekuwa nikimtazama pale alikuwa mwoga.

Tuliwachukua wote wawili walipofikisha wiki nane. Mweusi tulimwita Jabali. Yule wa kahawia mjukuu wangu alimpa jina la Subira, akisema kwamba jina ni dua.

Nakiri kwamba wiki za mwanzo niliharibu. Nilikuwa nimejifunza kutoka kwa Simba kwamba chakula kigawanywe, basi niliwapa kidogo kidogo mara nne kwa siku, kama inavyofaa kwa mtoto wa mbwa wa umri ule. Lakini niliwapa katika sinia moja, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kuona. Jabali akaendelea kumsukuma mwenzake, na Subira akaendelea kula kama aliyeibiwa. Nilipoona hivyo nikaleta dawa ya kiualimu. Kila Subira alipofakamia nilimwondolea chakula, nikakishika juu mpaka atulie, ndipo nikamrudishia. Nilidhani namfundisha adabu. Baada ya siku nne alianza kuninguruma nikimkaribia, na mwendo wake wa kula ukazidi badala ya kupungua.

Ikawa daktari amekuja kuwapa chanjo na dawa ya minyoo. Hakuwa yule wa zamani. Huyu alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini na mkono mwepesi. Kwanza aliwapima uzito na kuwashika matumbo. Alinieleza kwamba mtoto wa mbwa mwenye ulafi, mbavu nje na tumbo duara, mara nyingi amebeba minyoo. Minyoo hiyo huweza kupita kutoka kwa mama hata kabla ya kuzaliwa, na tena kupitia maziwa, na ndiyo sababu dawa huanza kutolewa akiwa na wiki mbili tu na kurudiwa mara kadhaa. Kabla ya kumlaumu mtoto kwa ulafi, alisema, hakikisha kwanza kwamba hali kwa niaba ya wageni waliomo tumboni.

Kisha akataka kuona wanavyokula. Nilimwonyesha na dawa yangu ya kuinua sinia. Akatikisa kichwa.

"Shikamoo yako naiheshimu, Mwalimu," alisema, "lakini niruhusu nikuulize. Mwanafunzi akiwa anaandika, nawe kila mara unamnyang'anya daftari, atajifunza kuandika vizuri au atajifunza kuandika mbio kabla hujafika?"

Sikuwa na jibu.

"Huyu mtoto anakula haraka kwa sababu anaamini chakula kitaondoka," akaendelea. "Nawe kila siku unamthibitishia kwamba ni kweli kinaondoka."

Maneno hayo yaligeuza kila kitu. Tangu siku hiyo nilianza upya, na ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyafanya, kwa faida ya yeyote mwenye mtoto wa mbwa nyumbani.

Jambo la kwanza nililitenganisha sinia. Kila mmoja alipata bakuli lake, tena si bega kwa bega, bali Jabali nyuma ya banda la kuku na Subira barazani, wasionane. Nilisimama kati yao mpaka kila mmoja amalize, ili asiwepo wa kwenda kumpokonya mwenzake. Siku tatu za mwanzo Subira alikula huku akigeuza shingo kumtafuta adui. Siku ya nne aligeuka mara moja tu.

Jambo la pili niliugeuza mkono wangu. Badala ya mkono unaoondoa ukawa mkono unaoongeza. Wakati anakula nilipita karibu na kudondosha dagaa mmoja katika bakuli, kisha nikaenda zangu. Mara ya kwanza alinguruma. Baada ya wiki moja alikuwa akiniona naja anaacha kula mwenyewe, anarudi nyuma hatua moja, anatikisa mkia na kunitazama usoni. Ndugu msomaji, mbwa anayeacha bakuli lake kwa hiari ili akutazame amekwisha kukupa kitu ambacho fimbo haiwezi kukipata.

Jambo la tatu nilikifanya chakula kuwa kazi ndogo. Katika bakuli nilitia jiwe la mtoni, laini, lililooshwa, kubwa kuliko kinywa chake ili asiweze kulimeza, na kadiri alivyokua nilitafuta jiwe kubwa zaidi. Alilazimika kuokota chakula kuzunguka jiwe, tonge dogo baada ya tonge dogo. Siku nyingine nilitumia bati la kuokea keki ndogo, lile lenye vishimo, nikitia chakula kidogo katika kila kishimo. Siku nyingine nilitandaza chakula chembamba juu ya sinia pana. Chakula kikiwa kikavu, nilikitawanya juu ya mkeka safi, naye akakitafuta kwa pua. Kuna mabakuli ya dukani yaliyotengenezwa yakiwa na vigingi ndani kwa kazi hiyo hiyo, lakini jiwe la mtoni halina bei.

Jambo la nne nilimfundisha kungoja, lakini kungoja kwa muda mfupi na kwenye uhakika. Nilishika bakuli kifuani. Akiruka, nilisimama tu bila kusema neno. Akikaa, bakuli lilianza kushuka. Akiinuka, bakuli lilipanda. Mwanzoni nilimtaka atulie kwa muda wa pumzi moja tu, baadaye pumzi mbili, tatu. Sikuwahi kumngojesha mpaka akakata tamaa, wala sikuwahi kuondoka na bakuli. Hapa kwetu Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na baadaye kunusa kifua kikuu katika makohozi. Panya husikia mlio mdogo na kupata kipande cha ndizi kila anapofanya sawasawa. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alipewa nishani ya dhahabu ya PDSA ya Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake huko Kambodia. Ikiwa panya anaweza kufundishwa kazi ya uangalifu kama ile kwa ahadi ya ndizi inayotimizwa, mimi na ualimu wangu wa miaka mingi ningeshindwaje na mbwa?

Lazima niseme pia kile ambacho sikukitafuta. Sikutaka Subira atafune kama binadamu. Mbwa ana meno ya kukata na kurarua. Taya lake haliendi upande kwa upande kusaga kama letu, na mate yake hayaanzi kuyeyusha wanga kinywani kama yafanyavyo ya kwetu. Mtoto wa mbwa huwa na meno 28 ya utotoni, ambayo huanza kung'oka akiwa na miezi minne hivi, na akikomaa huwa na meno 42. Hata akiwa nayo yote atameza vipande. Hayo ni maumbile yake. Nilichokitaka ni apunguze hewa anayoimeza, asipaliwe, na apate nafasi ya kutambua anachokitia kinywani. Mbwa mwenye pupa humeza hata gunzi la hindi, na gunzi huziba utumbo; humeza mfupa wa kuku uliopikwa, nao huvunjika vipande vikali kama sindano; humeza ugali wa moto uungue ndani.

Kadiri walivyokua, milo ilipungua kutoka minne hadi mitatu, na walipofika miezi sita ikawa miwili. Imebaki miwili mpaka leo, asubuhi na jioni. Baada ya kula hawakimbii kwanza. Subira, ambaye alikuwa akimaliza bakuli kabla sijahesabu hadi thelathini, sasa huchukua dakika sita au saba. Nimempima kwa saa ya ukutani.

Hadithi hii ingeweza kuishia hapo. Lakini palikuwa na jambo lingine ambalo sikulitambua mpaka lilipotajwa na mtoto.

Jioni moja tulikuwa mezani. Mke wangu alikwisha kupakua, akampa mjukuu, akanipa mimi, akarudi jikoni kuchukua mboga yake. Mjukuu wangu alikuwa akinitazama. Kisha akauliza kwa sauti ya kweli, bila utani: "Babu, na wewe tukuwekee jiwe kwenye sahani?"

Nilicheka sana. Nilitazama sahani yangu. Ilikuwa tupu. Mke wangu alikuwa amerejea na bakuli la mchicha mkononi, amesimama mlangoni, naye hakucheka.

"Mwache babu yako," alimwambia mtoto. Kisha, akiwa anakaa, akaniambia polepole, "Mwalimu, tangu tumeoana hatujawahi kumaliza kula pamoja. Nikikaa, wewe unanawa."

Hakusema kwa ugomvi. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Lakini usiku ule sikupata usingizi upesi.

Nilijiunga na shule ya bweni mwaka 1974. Wazee wenzangu wanaikumbuka miaka ile. Mvua zilikuwa zimekosekana, chakula kilikuwa haba nchini, na tulikula ugali wa unga wa njano ulioletwa kwa meli, ambao tuliupachika jina la Yanga. Meza moja ilikuwa na wavulana kumi na bakuli moja la maharage. Kengele ililia, sala ikasemwa, na neno la mwisho la sala lilikuwa kama mlio wa bastola ya wakimbiaji. Asiyejua kumeza ugali wa moto alilala na njaa. Mimi nilikuwa mdogo wa umbo, nikiketi mwisho wa meza. Muhula wa kwanza nilikonda. Muhula wa pili nilijifunza. Nilifika mahali pa kumaliza kabla ya wakubwa, nikaheshimiwa kwa hilo, na sifa ile nikatoka nayo shuleni kama cheti.

Hakuna aliyenifuata baada ya hapo kuniambia kwamba njaa imekwisha. Nilipata kazi, nikapata mke, nikapata meza yangu mwenyewe ambayo hakuna wa kuninyang'anya, nami nikaendelea kula nikiangalia kulia na kushoto. Nikampata Simba, nikampenda kwa sababu alikula kama mimi. Sasa naelewa kwa nini niliwaita wageni waje kumtazama.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, na ndiyo maana mtoto wa mbwa afundishwe tangu siku aletwapo nyumbani, kabla sinia la pamoja halijamfundisha masomo yake. Wiki chache za mwanzo zina nguvu kuliko miezi mingi ya baadaye. Lakini baada ya umri huu nimeona kwamba methali hiyo haikusema samaki mkavu atupwe. Ukimlowesha kwa saburi naye hulegea kidogo.

Sikuwekewa jiwe. Nilichokifanya ni kile alichotufundisha yule mama daktari, yaani kuuondoa wasiwasi badala ya kukemea haraka. Sigusi chakula mpaka mke wangu awe ameketi. Naweka kijiko chini baada ya kila matonge mawili. Namwuliza habari za sokoni, za kanisani, za ndugu zake wa Kilosa, na nikimwuliza inanibidi nisikilize, na nikisikiliza siwezi kubugia. Mara nyingi nasahau. Kuna siku nashtukia sahani iko tupu naye ndiyo kwanza ananawa mikono. Siku hizo hukaa tu hapo hapo mezani mpaka amalize. Mwanzoni aliniuliza kama ninaumwa.

Nawe msomaji ambaye una mbwa mdogo nyumbani, na hasa kama ni wa aina kubwa yenye kifua kirefu, yapo mambo mawili ninayotaka uyachukue. La kwanza, usijivunie pupa yake kama nilivyojivunia mimi. Muulize anaogopa nini, kisha mwondolee hofu hiyo kwa bakuli lake mwenyewe, kwa milo midogo, kwa mkono unaoongeza. La pili, kula polepole hupunguza hatari lakini hakuifuti. Ukimwona baada ya chakula anahangaika, anajikakamua kutapika bila kutoa kitu, anadondosha mate na tumbo lake limekaza, usimpe maziwa, wala usingoje asubuhi. Mwamshe daktari usiku huo huo. Mimi nilingoja asubuhi.

Kaburi la Simba bado lipo chini ya mwembe. Jabali na Subira hupenda kulala hapo baada ya mlo wa jioni, kwa sababu pana kivuli na upepo wa mlimani hupita. Kutoka mezani naweza kuwaona kupitia dirisha. Na siku hizi, kwa kuwa nakaa mezani muda mrefu zaidi, nawaona kila siku.